Siku Nilipogeuzwa Geti

Mume wangu ni fundi wa mageti, na kwa miaka na miaka nyumba yetu haikuwa na geti. Tulikuwa na bati. Bati moja kuukuu, limetobolewa matundu mawili ubavuni na kufungwa kwa waya kwenye boriti, na ukilifungua linapiga kelele mtaa mzima ujue nani anatoka na nani anaingia. Ukipita mtaani kwetu hapa Mtopanga utayaona mageti yake kwenye nyumba za watu, yana maua, yana mawimbi, yana nyota. Nikimuuliza, "Na sisi je, Fundi?" hunijibu, "Kinyozi hajinyoi." Nami humwambia kinyozi hajinyoi, lakini mkewe hajakatazwa kusuka.

Usinisikie nikisema hivi ukadhani tuna ugomvi. Tunapendana, ila mdomo wangu hauna komeo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nikijibu. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, na baada ya alasiri nakaanga viazi vya karai, na kibanda changu kimeshikana na karakana ya mume wangu. Basi mambo ya mageti nayajua kwa kuyatazama, kama vile yeye anavyojua kiazi kilichoiva kwa kunusa tu.

Na jambo la kwanza la kujua ni chaki. Geti halianzi kwa chuma. Linaanza sakafuni. Pale katikati ya karakana pana saruji iliyolainika, na kabla nondo moja haijakatwa, fundi hupiga magoti akalichora geti zima kwa chaki, kwa ukubwa wake wa kweli, na maua yake na mishale yake. Kisha nondo hupindwa kwa kile chuma chenye meno mawili, zikalazwa juu ya chaki, zikipindwa na kurudishwa, mpaka chuma kiufunike mstari sawasawa. Anayeshika chaki ndiye fundi. Wengine wote ni washika nondo, hata wawe na mashine tatu za kuchomelea.

La pili la kujua ni kwamba geti lina pande mbili, na pande hizo lazima zijibizane. Ua la kushoto likiinamia ndani, la kulia nalo liiname hivyo hivyo. Upande mmoja ukikosa kumjibu mwenziwe, hiyo ni aibu, mwenye nyumba analikataa na mafundi wenzio wanakucheka hadi Kisauni.

Mume wangu alikuwa akichora upande mmoja kisha wa pili bila rula, bila uzi, kwa pumzi moja, na pande hizo zinavyojibizana utadhani amekunja karatasi. Wallahi nimeunguza viazi vingi kwa kumtazama.

Kisha mkono wake ukaanza kutetemeka.

Tuliuona kwanza kwenye chai. Baadaye tukauona kwenye chaki, na hapo ndipo mambo yakawa mazito. Tulikwenda hospitali, daktari akatueleza vizuri tu kwamba ni maradhi ya mishipa ya fahamu, si uchawi wala si jicho la mtu, na kwamba vidonge vitapunguza lakini havitaondoa. Mume wangu akavipokea, akashukuru, akarudi karakanani, akampa ndugu yake mdogo chaki. "Shika wewe," alisema, "mimi mgongo unaniuma." Mgongo! Mgongo ule ule uliobeba mageti ya nusu ya mji.

Tangu siku ile akawa mtu wa kiti. Kiti cha plastiki, pale mlangoni mwa karakana, mkono wa kulia ameufukia chini ya paja. Shemeji yangu alichora. Shemeji ni fundi mzuri, sitamnyima haki yake, mstari wake ni safi kama uzi wa mwashi. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama yule wa kitini, naye alikuwa akitazama barabara.

Akaacha na kahawa. Msomaji asiye wa pwani huenda asielewe uzito wake, basi nieleze. Wanaume wa mtaa wetu wakishaswali alasiri hukaa kwenye baraza ya jirani wakanywa kahawa chungu, na vile vikombe ni vidogo, havina mkono, hujazwa mpaka juu, nawe hukishika kwa ncha za vidole huku unabishana. Mume wangu alianza kusema kahawa inamchoma tumbo. Mwanamume wa Mombasa kachomwa tumbo na kahawa! Nikajua hapo pana jeraha. Nilikuwa nikilia kibandani na kusingizia vitunguu. Nilichokitaka kwa Mungu kilikuwa kimoja tu, mume wangu ashike chaki tena, hata kama ni kwa kuchora mlango wa banda la kuku.

Hapo ndipo alipokuja Mjerumani.

Alikuja kwanza kwa ajili ya viazi. Mama mrefu, nywele nyeupe amezikata fupi, makamo yake yamenipita kiasi, anakaa chumba cha kupanga Bombolulu. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Tafadhali naomba viazi viwili pamoja na ukwaju," na akipewa, "Nashukuru sana, dada." Watu kwenye foleni walikuwa wakimtazama kama redio iliyoota miguu. Mimi nilimpenda mara ile ile, kwa sababu hakuogopa pilipili.

Akishakula, hutoa karatasi na kalamu akakaa juu ya kreti la soda na kunichora. Lakini uchoraji gani ule! Hakuwa akitazama karatasi. Macho yake yalikuwa kwangu, hayabanduki, na mkono unakwenda wenyewe chini huko kama panya gizani, na kalamu haiinuki hata mara moja mpaka amalize. Nikaomba kuona. Lahaula! Mstari mmoja tu, unapanda, unashuka, unajikwaa, unajikata. Nyonga zangu zilikuwa pale, hizo sikuweza kuzikana, lakini karai lilikuwa limekwenda upande na kichwa kimekaa karibu na goti.

"Mbona hutazami unachofanya?" nikamuuliza.

Akafikiri, akayapanga maneno. "Nikitazama karatasi, mkono wangu unajifanya hodari. Sitaki uwe hodari. Nataka uone."

Mimi nikamwambia ningekaanga viazi bila kutazama ningekuwa nimeungua zamani. Akacheka mpaka ukwaju ukampalia.

Kumbe ndiyo kazi yake, huko kwao na popote anapokwenda. Huchora mistari, kisha mistari ile huigeuza sanamu za chuma. Alinionyesha kwenye simu. Sanamu zenyewe si za kujaza, si za mawe, ni chuma chembamba kimesimama uwanjani, na nyuma yake unaona miti na mawingu, kama mtu amechora hewani akasahau kufuta. Zile ndogo alikuwa akizipinda mwenyewe kwa waya, chumbani mwake. Sasa alitaka moja kubwa, kimo cha mtu, aiweke na nyingine kwenye ghala moja tupu kule Changamwe ambalo watu wa sanaa walikuwa wamempa awaonyeshe wageni. Na mtu mwenyewe wa kufanywa mkubwa nilikuwa mimi. Mimi na karai langu.

Nikauliza kama hiyo si sanamu ya mtu, maana sisi kwetu sanamu ya binadamu ni jambo la kufikiri mara mbili. Akasema haitakuwa na uso. Mume wangu kutoka kitini akasema, "Bila uso, basi hiyo ni nondo tu." Nikaridhika.

Basi Mjerumani akaacha karatasi karakanani, akaeleza kwa utaratibu kwamba ni mwanamke amekaa, afuatwe kama alivyo, tafadhali, na akaenda zake Changamwe kushughulikia lile ghala. Siku hizo hizo mume wangu alikuwa na miadi ya hospitali, mimi nikafuatana naye, na karakana ikabaki mikononi mwa shemeji peke yake.

Shemeji alichukua karatasi ile, akaigeuza huku, akaigeuza huku. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye, na mpaka leo akisimulia hujitetea. Anasema alielewa kabisa kwamba ni mwanamke. Lakini mstari ulikuwa umepinda! Angewezaje kutoa kazi iliyopinda katika karakana ya kakaye, watu wapite waone? Akaunyoosha kidogo, kwa heshima ya mwenye kazi. Alipounyoosha akaona upande wa kulia mtupu, haumjibu wa kushoto, akajisikia vibaya, akauchora na wa kulia. Sasa mimi nina vichwa viwili na makarai mawili yanatazamana. Akaona katikati panaomba ua, akatia ua. Juu akapanga mishale, maana bila mishale mwizi anaruka. Na kwa kuwa kilichokuwa mbele yake sakafuni hakikuwa tena na ujanja wa kuitwa kitu kingine, akachomelea bawaba mbili na komeo, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akakisimamisha ukutani. Bawaba na komeo aliziita bakshishi.

Mjerumani alirudi wakati na sisi ndio kwanza tunashuka kutoka hospitali. Tukalikuta pale sote pamoja, linang'aa.

"Ni nini hiki?" akauliza Mjerumani.

"Ni shemeji," akasema shemeji yangu, kwa fahari, akanionyesha mimi kwa kidole.

Ya Rabi! Mjerumani alikaa chini kwenye vumbi. Alicheka, akafuta macho, akalitikisa lile komeo likafanya klak, akacheka upya. Mimi nami nikasema miaka yote hii namwambia mume wangu anitengenezee geti, kumbe dawa ni kugeuzwa geti mimi mwenyewe. Hata shemeji akacheka, ingawa uso ulikuwa umemshuka. Ni mume wangu tu aliyeona haya. Aliomba radhi kwa niaba ya karakana, tena na tena, mpaka nikaleta chai ili anyamaze.

Na ilikuwa chai ndiyo iliyomfichua. Katika ule msukosuko alisahau, akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Kikombe kikagonga kisahani, tik tik tik. Mjerumani aliacha kucheka. Akautazama ule mkono kwa macho yale yale anayonitazamia mimi akinichora, hayaoni haya, hayabanduki.

"Fundi," akasema, "chora wewe. Mimi nimehangaika miaka mingi kuufundisha mkono wangu usijifanye hodari. Wako unajua tayari."

Nilihisi damu imenipanda mpaka kwenye mtandio. "Wewe mama wewe!" nikamwambia. "Mume wangu si sinema! Umekuja na karatasi yako ya kupindapinda, tumekuvumilia, sasa unataka na maradhi ya watu uyaweke ghalani yatazamwe? Nenda kachore Wajerumani wenzio!" Na mengine niliyasema, mengine hata sikuyajua mpaka yaliponitoka. Akawa mwekundu kama lile geti. Akasema, "Samahani," akaweka kikombe polepole juu ya kreti, akaenda.

Mimi nikajiona nimemlinda mume wangu. Nilirudi kukata viazi na kisu kikawa kinapiga ubao kwelikweli.

"Umemfukuza mteja," akasema mume wangu.

"Nimemfukuza mwenye dharau."

"Hana dharau yule." Alikuwa akiutazama mkono wake, ameuweka wazi juu ya goti kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. "Yeye ameutazama. Wewe kila nikishika kikombe unatazama pengine."

Niliona uchungu, nisifiche. Mimi niliyezaliwa nikijibu, nikaweka kisu chini. Nikageukia karai.

Asubuhi yake Mjerumani akaja. Sikutarajia. Amevaa suruali kuukuu, ana kasha la chaki mkononi, na mbele ya kibanda changu akasimama kama mtoto wa madrasa. "Shikamoo," akaniambia. Mimi! Mtu aliyenizidi umri! Mswahili yeyote mwenye adabu angeshtuka akakataa, akasema la, mimi ndimi wa kukuamkia. Lakini mimi hasira ilikuwa bado haijaisha. "Marahaba," nikamjibu, kwa sauti ya bibi mzaa bibi, nikamfungia mahamri mawili ya bure. Ndivyo tulivyosameheana.

Akaenda karakanani, hakumsemesha mume wangu habari ya mkono. Alimsalimu tu, akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kuchora yeye mwenyewe, na karatasi yake kando. Shemeji akasimama karibu na nondo zake, amekunja mikono, anateseka. Mstari uliondoka kwenye unyayo, ukapanda mgongoni, ukazunguka kichwa, ukashuka mkononi mpaka kwenye karai, ukarudi gotini, ukaisha hapo. Ulitetemeka kiasi, lakini mimi mwenyewe sasa nilikuwa nimeanza kuona kitu: ulitetemeka pale tu alipotaka yeye.

Mume wangu alikuwa kitini. Alitazama barabara. Kisha akatazama sakafu. Kisha akatazama barabara tena, lakini shingo ilikuwa haitaki.

"Itaanguka," akasema.

Mjerumani akainua kichwa. "Nini kitaanguka?"

"Hiyo. Uzito wote uko mbele, kwenye karai. Nyuma haina kitu. Ukiisimamisha itakwenda na uso."

"Haina uso," nikasema mimi, lakini hakuna aliyenisikiliza.

"Nifanye nini, Fundi?"

"Itie mguu nyuma. Hapo." Akaonyesha kwa kidevu.

"Hapa?" Mjerumani akaweka chaki mbali kabisa.

"Si hapo! Hapo, chini ya nyonga."

"Hapa?"

"Astaghfirullah, wewe mama, nimesema chini ya nyonga, unakwenda kichwani! Hapo! Sasa hapo hapo, teremka... la! La, la, la!"

Na kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa amesimama. Alikwenda pale, akaipokonya ile chaki kutoka kwenye vidole vya mgeni, bila tafadhali wala nini, magoti yake yakalia kama bawaba kavu, na mume wangu akawa chini sakafuni na chaki mkononi.

Mkono ukatetemeka. Sitasema uongo kwamba ulitulia. Ulitetemeka tangu chaki ilipogusa saruji, na mafuta yangu yakinung'unika kwenye karai. Mimi sikutazama pengine. Nilitazama. Mstari ukatoka kwenye nyonga, ukashuka ukicheza huku na huku kama njia ya chungu ukutani, ukafika chini, ukakata kona, ukarudi juu mpaka mahali ulipotakiwa kushika. Alipomaliza alikuwa anatoka jasho. Akakaa juu ya visigino, akauangalia.

Shemeji, kwa mazoea ya mkono wake, akaokota kitambaa ainame afute anyooshe.

"Acha!" mume wangu akasema. "Pinda kama ilivyo."

Nikaanza kulia hadharani, na mwiko mkononi. Shemeji akanitazama. "Vitunguu, shemeji?"

"Vitunguu wapi? Mimi nalia!"

Kupinda kama ilivyo si kazi ndogo. Shemeji aliniambia kunyoosha nondo hata ng'ombe anaweza, lakini kuifanya itetemeke vile vile ilivyotetemeka chaki kulimtoa malengelenge na matusi ambayo sikujua anayajua. Mume wangu alisimama juu yake siku zote zile, mara anaelekeza kwa mguu, mara kwa mkono, ule ule. Kiti kilikuwa kikikaliwa na kuku. Mimi siku moja nilimvuta Mjerumani kando nikamuuliza kweli, kwa Mungu wake, kwamba hakuona mahali pa kuweka mguu? Mtu ambaye maisha yake yote ni sanamu?

"Kiswahili changu ni kidogo," akanijibu.

Kidogo! Mtu niliyemsikia asubuhi ile ile akibishana na muuza madafu mpaka muuza madafu akaomba maji. Nikamwacha. Mpaka leo sijui, na sijali.

Siku ya maonyesho, ghala la Changamwe lilikuwa limefagiliwa likapakwa chokaa, na malori ya mafuta yalikuwa yakinguruma nje wakati wote tulipokuwa ndani. Sanamu za waya zilikuwa zimetundikwa, na katikati nimekaa mimi, kimo changu, natazama karai langu. Nilivaa buibui jipya kwenda kujiona. Sina uso, sina macho, na bado jirani yangu alipoingia tu alisema, "Ee! Anapiga kelele huyu!" Nilifurahi mno. Watu walizunguka, wakasoma kibao, wakapiga picha. Mume wangu hakuzunguka. Alisimama nyuma, karibu na mguu ule, na mkono wake mfukoni, na mara kwa mara aliutoa akaugusa ule mstari kuona kama uko imara.

Mjerumani alipokaribia kurudi kwao, alikuja kuaga karakanani. Lile geti la makosa lilikuwa bado limeegemea ukutani, na vichwa vyangu viwili na mishale yangu. Tukamuuliza tulifanyeje. Akasema, "Hili si langu. Hili ni lenu," akalipiga komeo klak kwa mara ya mwisho, akanikumbatia na mafuta yangu yote. Niliona huzuni, lakini huzuni nzuri, kama ya mgeni aliyeshiba.

Basi mume wangu akasema tulipeleke nyumbani. Mimi nikadhani nimesikia vibaya. Wakang'oa lile bati, shemeji akashika huku na yeye huku, wakalisimamisha. Likapungua. Palibaki pengo la kumpitisha mbuzi mnene. Shemeji akasema si neno, atatengeneza kipande cha kujaza, ua moja tu, litakalojibizana na lile la getini.

"Nipe chaki," akasema mume wangu.

Alikichora mwenyewe, palepale kwenye sakafu ya baraza yetu, mbele ya nyumba yangu, na mimi nimesimama na kikapu cha vitunguu. Kilikuwa ua, na mabua yake, na yote yanatetemeka kutoka chini mpaka juu. Shemeji akachukua nondo. Alikipinda kama kilivyo.

Sasa nyumba yetu ina geti, na ni geti lisilojibizana. Huku kumenyooka kama sheria, huku kunatikisika. Siku lilipokauka rangi, fundi mmoja mwenzao wa njia ya Bombolulu alipita na mkokoteni wake, akasimama. Wanaume walikuwa barazani kwa jirani na kahawa yao, wote wakageuka kusikiliza, maana walilingoja hilo swali.

"Fundi," akasema yule mtu, "upande huu nani amekuharibia?"

Mume wangu alikuwa amesimama getini na kikoi chake cheupe. Hakuficha kitu. "Ule ni wa ndugu yangu," akasema, kwa sauti ya kufika barazani. "Huu ni wangu mimi. Mkono wangu unatetemeka." Kisha akavuka njia, akaketi katikati ya wenziwe mahali pake pa zamani, na akanyoosha mkono wa kulia kuomba kahawa.

Wakamjazia mpaka juu. Nusu ilimfikia mdomoni, na nusu ikamwagika kwenye kikoi. Mwenye kahawa akamjazia tena, na mabishano yao yakaendelea pale pale yalipoishia.

Kikoi kile nimekifua mara nyingi, na madoa hayajatoka. Shemeji aliniletea dawa ya kutolea madoa, nikamwambia akimwagia hata tone moja, nitamgeuza geti.